Jinsi ya Kuchagua Kazi Itakayoendelea Kuhitajika: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa wanasayansi walioweka misingi ya akili mnemba ya leo, alisema hadharani mjini Toronto kwamba vyuo viache kufundisha madaktari bingwa wa radiolojia. Aliona kwamba ndani ya miaka mitano, au kumi mambo yakichelewa, kompyuta ingesoma picha za ndani ya mwili vizuri kuliko daktari. Huyu hakuwa mpiga ramli. Mwaka 2024 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa kazi hiyohiyo ya kuzifundisha mashine. Na kompyuta kweli zimejifunza kusoma picha. Hata hivyo madaktari hao bado wanatafutwa, na katika nchi kadhaa hawatoshi.

Mfikirie kijana aliyesikia maneno yale akiwa na fomu ya chuo mkononi, akalifuta chaguo lake.

Hinton aliijua mashine vizuri. Kazi ya daktari ndiyo hakuijua kwa undani. Daktari wa radiolojia haangalii picha tu. Ndiye anayeamua mgonjwa apigwe picha ya aina gani, anajadiliana na daktari wa upasuaji, anaongoza sindano kuchukua kinyama cha uvimbe, na mwisho anaweka sahihi kwenye ripoti ambayo yeye ndiye atakayeulizwa mambo yakiharibika. Tena, kadiri upigaji picha ulivyorahisishwa, ndivyo picha za kusomwa zilivyoongezeka.

Ndiyo maana sitakupa orodha ya kazi kumi za baadaye. Orodha kama hizo huchakaa kabla hujamaliza masomo. Nitakupa namna ya kuichunguza kazi yoyote unayoiwazia, iwe ya ofisini au ya kushika spana. Andaa daftari na jitengee wiki kadhaa. Uwe tayari pia kuwauliza watu usiowajua maswali ya moja kwa moja.

Hatua ya 1: Anza na shida, jina la kazi lifuate

Tumezoea kumuuliza mtoto, "Ukikua utakuwa nani?" Anajibu kwa jina: rubani, mwanasheria, mhandisi. Swali hilo lina kasoro, kwa sababu majina ya kazi huja na kwenda. Wachumi waliozichambua ajira za Marekani, akiwemo David Autor, walikuta kwamba takriban asilimia 60 ya wafanyakazi wa mwaka 2018 walikuwa katika kazi ambazo hazikuwepo mwaka 1940. Shida ambazo kazi hizo zinatatua, nyingi ni zilezile za zamani: watu wanaugua, wanazeeka, wanataka kula, kulala salama, kusafiri, kusoma, kulinda mali zao na kusuluhisha migogoro.

Kwa hiyo andika juu ya ukurasa: "Ni shida gani itakuwa kubwa zaidi miaka 15 ijayo kuliko leo?" Baadhi ya majibu yako wazi, kwa sababu yanatokana na mambo ambayo yameshatokea. Umri ni mmojawapo. Watakaokuwa na miaka 60 mwaka 2050 wameshazaliwa, na Umoja wa Mataifa unakadiria kwamba watu wa umri huo na zaidi watafika takriban bilioni 2.1 mwaka huo. Kila mmoja wao atahitaji macho yapimwe, magoti yatibiwe, dawa zifuatiliwe, na mtu wa kumsaidia kuingia na kutoka bafuni. Joto ni jingine. Mwaka 2018 Shirika la Kimataifa la Nishati lilihesabu viyoyozi kama bilioni 1.6 duniani, likakadiria vitafika bilioni 5.6 mwaka 2050. Vyote hivyo vitafungwa na mtu, vitaharibika, na vitahitaji wa kuvitengeneza. Shule nazo: UNESCO imekadiria kwamba dunia inahitaji walimu wapya milioni 44 kufikia mwaka 2030, wengi wao wa kuziba nafasi za wanaoiacha kazi.

Andika shida tano zinazokugusa wewe mwenyewe. Tano zinatosha; ukiandika ishirini hutachunguza hata moja.

Hatua ya 2: Tafuta mkono unaolipa

Hapa ndipo ninapoona vijana wengi wakiumia, na ningeomba usipite haraka.

Uhitaji ni kitu kimoja, soko ni kingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kufikia mwaka 2030 dunia itapungukiwa na watumishi wa afya takriban milioni 11. Ukisikia takwimu hiyo peke yake utakimbilia uuguzi ukiamini ajira iko mezani. Kumbe ziko nchi ambako wodi hazina wauguzi wa kutosha, na wakati huohuo wauguzi wenye vyeti wamekaa nyumbani bila kazi. Wagonjwa wapo na wauguzi wapo. Bajeti ya kuwaajiri ndiyo haipo. Anayehitaji huduma ni mgonjwa, lakini anayelipa mshahara mara nyingi ni serikali, bima, shirika au familia, na kila mmoja wa hao ana mfuko wake na vipaumbele vyake.

Kwa kila shida uliyoiandika, jaza mistari mitatu. Wa kwanza: nani anateseka na shida hii? Wa pili: nani anatoa pesa ili itatuliwe? Wa tatu: huyo mtoa pesa anaweza kuacha kulipa bila kuumia? Huo wa tatu ndio unaopima uzito. Kiwanda hakiwezi kuacha kulipa fundi umeme mashine ikizimika, maana kila saa ya kusimama ni hasara. Kampuni inaweza kuahirisha kozi ya uongozi kwa mameneja wake mwaka mzima, na hakuna atakayelala njaa. Kazi zote mbili ni halali na zina heshima. Ila siku uchumi ukitikisika, ya pili hukatwa kwanza.

Angalia pia idadi ya walipaji. Mlipaji akiwa mmoja tu, mfano serikali pekee, maisha yako yanafuata bajeti moja. Fundi anayeweza kuajiriwa hotelini, kiwandani, hospitalini na majumbani, au kujiajiri, ana milango mingi ya kugonga mmoja ukifungwa. Nikiwa na kazi mbili zenye mshahara unaokaribiana, nitachagua ile yenye walipaji wengi bila kusita.

Usisahau sheria. Sheria nyingi huzaa ajira ambazo hazipotei kirahisi: ukaguzi wa hesabu, usalama wa majengo, upimaji wa ardhi, uhifadhi wa taarifa binafsi. Pale sheria inapotaka mtu mwenye leseni aweke sahihi, kuna mlipaji ambaye hana hiari.

Hatua ya 3: Ivunje kazi vipandevipande

Mwaka 2013 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oxford, Carl Benedikt Frey na Michael Osborne, walikadiria kwamba asilimia 47 ya ajira za Marekani zilikuwa katika hatari kubwa ya kuchukuliwa na kompyuta. Takwimu hiyo ilizunguka dunia nzima. Miaka mitatu baadaye utafiti uliotolewa na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri, ulitazama majukumu ndani ya kila kazi badala ya kuihukumu kazi nzima, ukapata wastani wa asilimia 9 kwa nchi 21. Hatari ni ileile na mashine ni zilezile, ila kipimo kimebadilika. Wewe tumia kipimo cha pili: pima majukumu.

Chukua mhasibu wa kampuni ndogo, kwa mfano. Tuseme wiki yake ya saa 40 imegawanyika hivi: saa 12 kuingiza risiti na ankara kwenye mfumo, saa 8 kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, saa 6 kuandaa ripoti za mwezi, saa 6 za mambo ya kodi, saa 5 kukaa na mwenye kampuni kumweleza kwa nini pesa zinaisha wakati mauzo yanapanda, na saa 3 kujibu maswali ya wakaguzi. Sasa weka alama pembeni. Kuingiza risiti: mashine inaweza, tena bila kuchoka. Kulinganisha na benki: inaweza sehemu kubwa, mtu anabaki na yale yasiyolingana. Ripoti: inaandika rasimu. Kodi: inasaidia, lakini kuna kutafsiri sheria na kubeba lawama. Kukaa na mwenye kampuni, kumtazama usoni na kumwambia kwamba duka la pili linamla: hilo ni la mtu.

Jumlisha. Nusu ya wiki ya huyu mhasibu imo hatarini. Je, akimbie uhasibu? Hapana, ila asisomee nusu ile ya kwanza. Akitumia miaka mitatu kujifunza kuingiza takwimu kwa kasi, anajifunza kazi inayoondoka. Akijifunza kodi, uchambuzi na namna ya kuongea na wenye biashara, mashine itamwondolea uchovu na kumwachia muda.

Fanya zoezi hili kwa kila kazi unayoiwazia. Orodha ya majukumu utaipata bure: hifadhidata ya O*NET ya Marekani ina takriban kazi elfu moja, kila moja na majukumu yake yameorodheshwa. Iko kwa Kiingereza, na mishahara yake ni ya kwao, lakini majukumu ya fundi bomba au mfamasia hayatofautiani sana kati ya nchi na nchi. Halafu kwa kila jukumu uliza: linajirudia kwa namna ileile kila siku? Linafanyika lote kwenye skrini? Likiharibika, kuna mtu atakayewajibika? Linahitaji mikono mahali pasipotabirika? Linahitaji mtu amwamini mtu?

Kazi za ukarani ndizo zenye alama mbaya zaidi kwenye mtihani huu. Shirika la Kazi Duniani, katika utafiti wake wa mwaka 2023 kuhusu akili mnemba, liliona kwamba asilimia 24 ya majukumu ya ukarani yako wazi sana kwa teknolojia hiyo, huku makundi mengine ya kazi yakiwa mbali chini yake.

Neno moja la tahadhari, kwa sababu historia ina kona. Mashine ya kwanza ya kutolea fedha ya benki ya Barclays ilizinduliwa Enfield, London, mwezi Juni 1967. Mashine hizo zilipoenea, wengi walidhani makeshia wamekwisha. Marekani ikawa kinyume: idadi ya makeshia katika tawi la mjini ilishuka kutoka takriban 20 mwaka 1988 hadi 13 mwaka 2004, lakini kwa kuwa kuendesha tawi kulikuwa rahisi zaidi, benki zilifungua matawi mengi, na makeshia kwa jumla hawakupungua. Kisha ikaja simu ya mkononi. Mteja hakuhitaji tena tawi lenyewe, na safari hii ajira za makeshia zimekuwa zikishuka. Kwa hiyo ukishaona mashine inafanya jukumu fulani, jiulize na swali la pili: je, kuna kitu kinachoweza kuondoa haja ya huduma yenyewe? Hapo ndipo kazi nzima huanguka.

Hatua ya 4: Hesabu miaka na hesabu wenzako

Soko unaloliona leo silo utakaloingia. Mhandisi wa mafuta aliyeanza chuo mwaka 2012 alianza wakati pipa moja likiuzwa zaidi ya dola 100. Fani ilikuwa moto na madarasa yalijaa. Alihitimu mwaka 2016, na mwezi Januari wa mwaka huo bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 30. Kampuni zilikuwa zinapunguza watu, naye anatoka chuoni pamoja na darasa kubwa lililovutiwa na bei ileile ya zamani.

Wachumi wana mfano wa utando wa buibui kwa jambo hili: mishahara ikipanda wengi wanajiandikisha, wakihitimu pamoja wanalijaza soko, mishahara inashuka, wachache wanajiandikisha, kisha upungufu unarudi. Kazi zenye mafunzo marefu zinaumia zaidi.

Basi piga simu vyuo vinavyofundisha fani yako na uulize wanahitimisha wangapi kwa mwaka, na miaka mitano iliyopita walikuwa wangapi. Kisha hesabu matangazo ya kazi ya miezi mitatu. Soma sifa zinazodaiwa: tangazo likitaka shahada kwa kazi ambayo zamani ilifanywa na mwenye cheti, hiyo ni dalili kwamba waombaji wamezidi. Tangazo likirudiwa mwezi hadi mwezi bila kufungwa, huenda watu wa namna hiyo hawapatikani, au mshahara ni mdogo kiasi kwamba hakuna anayekubali. Wapigie uwaulize.

Fani ambayo kila mtu anaisifia kwa sauti kubwa mwaka huu, ichunguze mara mbili.

Hatua ya 5: Nenda ukaione kwa macho

Hakuna takwimu inayoweza kukupa kile ambacho siku moja kazini inakupa. Omba kumfuata mtu wa fani hiyo siku mbili au tatu, umbebee mkoba, ushike ngazi.

Mfuate fundi viyoyozi, kwa mfano. Mteja anasema kiyoyozi kinaunguruma ila hakipoozi. Fundi asiye makini anaongeza gesi, anachukua pesa anaondoka. Fundi mzuri anaanza na chujio, analikuta safi, anapanda juu ya paa jua likiwa kali, anafunga geji na kusoma mgandamizo. Uko chini. Gesi imetoka, lakini wapi? Anachanganya maji na sabuni, anapaka kwenye viungio kwa brashi, anasubiri. Kwenye nati ya pili vinachomoza viputo vidogo, kimoja baada ya kingine. Anakusanya gesi iliyobaki kwenye mtungi badala ya kuiachia hewani, anakata mdomo wa bomba la shaba na kuutengeneza upya, anajaza naitrojeni kupima kama bado panavuja, anawasha pampu ya kunyonya hewa na unyevu, kisha anapima gesi mpya kwa mizani, gramu kwa gramu kama mtengenezaji alivyoelekeza.

Ukiwa pale juu utaona mambo mawili ambayo usingeyaona kwenye skrini. Kwanza, hakuna roboti inayokaribia kufanya hivyo: paa hili halifanani na lile, nati imeshika kutu, nafasi ya mkono ni ndogo. Mtafiti wa roboti Hans Moravec aliliona jambo hili tangu miaka ya 1980, kwamba kompyuta hupata urahisi katika mambo tunayoyaona magumu, kama hesabu na mchezo wa chesi, na hupata taabu katika yale ambayo mtoto mdogo anafanya bila kufikiri, kama kushika na kutembea. Pili, hata kazi hii ya mikono haikai mahali pamoja. Mwaka 2016 nchi zilikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za kupozea zinazochangia joto la dunia. Baadhi ya gesi zinazochukua nafasi yake zinashika moto. Fundi aliyejifunza mara moja akafunga daftari anakuwa hatari kwake na kwa mteja. Aliyerudi darasani ana kazi ambayo jirani yake hawezi kuigusa.

Ukimaliza siku, muulize mwenyeji wako maswali manne: Ni lini mara ya mwisho ulikosa kazi, na ilikuwaje? Ni jukumu gani ulilolifanya miaka mitano iliyopita na hulifanyi tena? Mtu mpya analipwaje mwaka wa kwanza, siyo wewe mzoefu? Mwanao ungemwambia aingie? Hilo la mwisho usimharakishe. Mwache akae kimya kidogo kabla ya kujibu.

Hatua ya 6: Jipime mwenyewe kwa haki

Mahitaji ya soko hayakusaidii kama kazi yenyewe inakutafuna. Mtu asiyevumilia damu asijilazimishe uuguzi kwa sababu dunia inazeeka; ataacha mwaka wa pili akiwa na deni. Lakini pia usidai kuipenda kazi kabla hujaijua. Mapenzi ya kazi mara nyingi huja baada ya kuiweza, mikono ikishazoea na watu wakianza kukutafuta kwa jina. Kinachotosha mwanzoni ni kwamba unaweza kuzivumilia siku zake mbaya, na kwamba kuna sehemu ya kazi inayokufanya usahau saa.

Hatua ya 7: Chagua shina, kisha ongeza tawi moja

Ukishapata kazi moja au mbili zilizopita hatua zote, usisomee kitu chembamba mno mapema. Umeme ni shina. Sola ni tawi. Uuguzi ni shina. Huduma ya figo ni tawi. Takwimu ni shina. Programu fulani ya mwaka huu ni jani. Jani likipukutika, mwenye shina anachipua.

Tawi unaloongeza liwe lile ambalo wenzako wa shina hawana. Fundi umeme anayeandika makadirio ya gharama yanayoeleweka. Muuguzi anayejua mifumo ya kompyuta ya hospitali. Mwanasheria aliyewahi kufanya kazi ya ujenzi. Mchanganyiko wa mambo mawili ya kawaida mara nyingi una wapinzani wachache kuliko ubingwa mkubwa wa jambo moja. Na jifunze kutumia akili mnemba ndani ya fani yako, hasa kugundua inapokosea, maana hilo linahitaji ujuzi wa fani kwanza.

Hatua ya 8: Jaribu kabla ya kulipa ada

Tenga miezi mitatu. Chukua kozi fupi au nafasi ya kujitolea, au fanya kazi moja ndogo ya kulipwa hata kama malipo ni kidogo. Lengo ni kumfanya mtu asiye ndugu yako akulipe kwa jambo hilo, au akuambie waziwazi ulipopungua. Ikiwa ndani ya miezi mitatu hakuna hata mmoja aliyejali kazi yako, rudi hatua ya pili uangalie upya nani analipa.

Ukishaingia, fungua ukurasa mmoja kwenye daftari lile na uupitie kila mwaka tarehe ileile. Andika saa zako za wiki kwa majukumu, kama tulivyofanya kwa mhasibu. Weka alama kwa jukumu ambalo mashine, au mtu wa bei nafuu zaidi, ameanza kulifanya. Likiwa moja, jifunze kingine ndani ya mwaka huo. Nusu ya wiki ikishafikiwa, anza kuhamisha uzito mapema, ukiwa bado una mshahara: omba kupangiwa majukumu ya upande unaokua, hata bila nyongeza ya pesa kwa miezi kadhaa, na tafuta leseni au cheti kinachofungua mlango wa pili.